Niite Magreth

Wiki nzima ofisini kwangu Kijenge nilimwandaa Lesian, meneja wa shamba la maua aliyekuwa anahamishiwa Uholanzi. Alinichosha. Kila asubuhi aliniinamishia kichwa nikiguse, salamu ya Kimaasai ya mdogo kwa mkubwa, kama alivyofanya tangu utotoni, maana mama yake ni jirani yangu.

"Kule bosi anaitwa kwa jina lake," nilifoka. "Niite Magreth. Nikikosea, niambie palepale."

"Sawa, mama."

Ijumaa nikawa namweleza jinsi Waholanzi wanavyoendesha vikao. Akanikatiza.

"Magreth, hapo umekosea."

Nilipaswa kumpigia makofi. Badala yake nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikipanda: "Nani amekufundisha kumjibu mtu mzima hivyo?"

Lesian akainamisha kichwa.

"Ni wewe, mama."