Kidude Kisicho na Namba

1.

Maelekezo yaliyobandikwa ukutani, Studio ya Mchome, Mwanga. Mwandiko ni wa mwenye studio.

(a) Kamera hii ni ya Kirusi. Kabla ya kubadilisha kasi, vuta filamu kwanza. Asiyevuta ataharibu mashine.
(b) Tazama kidirishani. Katikati utaona kitu kimoja kimekuwa viwili. Zungusha pete ya lenzi polepole mpaka viwili viwe kimoja. Hapo ndipo upige.
(c) Kidude chembamba kilicho chini ya kifundo cha kurudishia filamu hakihusu picha. Kinahusu jicho la mpigaji. Jicho hilo ni langu.

KISIGUSWE.


2.

Wewe unayesoma, inua kidole gumba mbele ya uso wako. Fumba jicho la kushoto. Lifumbue, kisha fumba la kulia. Kidole kimeruka, ingawa mkono wako haukutikisika.

Kamera ya mume wangu ina madirisha mawili kwa sababu hiyo. Kila dirisha huona kitu mahali pake, na kazi ya mpigaji ni kuyapatanisha. Mume wangu aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane. Aliwapatanisha maharusi, watahiniwa, vikundi vya kwaya, na marehemu kadhaa.


3.

Tanga, 3 Agosti

Mama mpendwa,

Nilipokuja Pasaka nilipekua masanduku yote. Picha za mji mzima zimo. Ya baba hakuna hata moja. Tutamwekea nini mezani siku ile ambayo sitaki kuitaja?

Mpige, mama. Usimwite yule kijana wa Same na kamera yake ya plastiki, baba atamfukuza. Mpige wewe, kwa kamera yake mwenyewe. Likizo yangu ni Septemba, na ninaogopa Septemba iko mbali.

Mwanao,
Naetwe


4.

KADI YA MGONJWA WA NJE

Jina: Mbonea Mchome
Umri: 66
Ugonjwa: Kisukari
Maelezo: Vidole vya mikono na miguu vina ganzi. Kidonda cha mguu wa kulia hakifungi. Mgonjwa asitembee. Mgonjwa na mkewe wameelezwa kuwa sukari yaweza kufika machoni wakati wowote, bila kutoa taarifa.


5.

Yaliyosikika dirishani, chumba cha mgonjwa. Aliye nje ni Kiondo, fundi cherehani, jirani yetu.

— Mchome, unapiga picha gani umelala?

— Sipigi. Natazama. Lori la ndizi limekwama kona ya tatu.

— Kona ya tatu? Barabara ya Usangi? Wewe si miwani yako ilivunjika tangu Krismasi?

— Miwani ya nini. Kidirisha hiki nimekilinganisha na jicho langu, kimenikaa kuliko suti zako zinavyowakaa watu.

— Suti zangu zina nini?

— Zinabana. Unapima kwa macho.

— Na wewe unapima kwa nini?

— Kwa macho. Lakini yangu yana kioo.


6.

Daktari aliyemkataza kutembea hakumkataza kutazama.

Kila asubuhi nilimwegemeza kwenye mito, nikamwekea kamera viganjani. Aliibana kwa viganja, kwa kuwa vidole havikuwa vikisikia kitu. Kwa jicho tupu aliona mlima kama nguo iliyoanikwa. Kwa kidirisha aliona nani anapanda Usangi, amebeba nini, na amepumzika wapi. Nilipomletea chai alinisomea barabara yote, kona kwa kona. Hapo alikuwa mzima.


7.

Jumamosi tarehe ishirini, saa kumi alasiri. Nimemweka kwenye kiti karibu na mlango ulio wazi. Shati jeupe. Nimechana ndevu zake. Filamu imevutwa.

— Unaona viwili?

— Naona ukungu, Baba Naetwe.

— Ukungu ni wa jicho lako. Viwili vipo nyuma yake. Vitafute.

Nilitafuta. Nilizungusha pete mpaka mwisho, nikairudisha. Niliona shati. Sikuweza kuona kama ni moja au mawili.

— Nikisogeze kile kidude, kidogo tu?

— Ukikisogeza umenifungia dirisha. Mimi sina tena vidole vya kukirudisha, nawe hujui mahali pake.

— Sasa nitapigaje?

— Polepole. Umejifunza kusoma ukiwa na miaka hamsini na miwili, itakushinda pete?

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye akainamia kikombe cha maji.


8.

Nikakisogeza.


9.

Sikujua kwamba dunia ilikuwa na ncha kali namna ile. Niliona uzi uliolegea kwenye kola. Niliona kovu la kidevuni, nililokuwa nimelisahau. Na niliona waume wawili, mmoja mzito, mwingine mwepesi amesogea kidogo kushoto, kama anayetangulia.

Nikazungusha pete. Walikaribiana. Wakawa mmoja.

Pete ilisimama kwenye mita mbili.


10.

— Nipe kwanza niukague mwanga wa hapo ulipo, alisema.

Nikampa. Utaniuliza kwa nini nilimpa. Alikuwa bwana wa kamera. Aliponyoosha mikono nilimpa, kama nilivyompa siku zote.

Aliibana viganjani. Alinitazama mimi. Akageukia dirisha, akatazama barabara ya Usangi. Alitazama kwa muda mrefu.

— Umekigusa?

— Sijakigusa.

Aliishusha kamera. Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Akatazama tena.

— Mama Naetwe. Hukukigusa?

— Nimesema sijakigusa.

— Basi imefika, alisema. Daktari alisema itafika.

Akanirudishia kamera, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

— Piga, kabla mwanga haujaondoka mlangoni.

Nikapiga.


11.

Maneno yaliyokuwapo, ambayo ningeweza kuyasema kabla ya kubonyeza:

Nimekigusa.
Nisamehe, nimekigusa.
Macho yako ni mazima.
Subiri
Baba Naetwe, ni mimi niliye


12.

Niliona kwamba uongo ule ungekuwa wa saa moja tu. Nitakirudisha akiwa amelala, nilijiambia, ataamka ataona, tutasema jicho lilichoka.

Pete ya lenzi ina namba. Gurudumu la kasi lina namba. Hata kihesabu filamu kina namba. Katika darasa la kisomo tulifundishwa kwamba ukitaka kukumbuka kitu, kiandike. Nami niliketi na daftari na kalamu mbele ya kidude kile, nikatafuta kitu cha kuandika.

Hakina namba. Hakina alama. Kina mwanzo na mwisho, na katikati pote panafanana.

Jumapili nilikisogeza upana wa unywele, nikampelekea. Jumatatu upana wa nywele mbili.

— Jaribu leo.

— Acha.

— Labda leo jicho limepumzika.

— Mama Naetwe, mtu akishakuaga usimkimbilie barabarani. Kigeuze kitanda, nilale nikitazama ukuta.

Nilikigeuza. Alinishukuru.

Kiondo alipokuja dirishani kuuliza habari za kona ya tatu, aliambiwa aulize redio.


13.

TANGAZO

Usharika unawatangazia kifo cha Mzee Mbonea Mchome, mpiga picha, kilichotokea nyumbani kwake Jumatano, 31 Agosti. Mazishi yatafanyika Jumamosi saa nane mchana. Familia inaomba yeyote mwenye picha ya marehemu aiwasilishe kwa katibu.

Hakuna aliyewasilisha.


14.

Moshi, duka la kusafishia picha, Ijumaa. Mwenye duka ameishika picha kwa kingo zake.

— Aliyepiga ni nani?

— Ni mimi.

— Wewe, mama? Kwa ile mashine ya Kirusi? Mimi nilifundishwa miezi mitatu na bado naikosea.

— Imeharibika?

— Imeharibika wapi. Hesabu nywele za nyusi ukitaka.

Sikuhesabu.


15.

Picha imewekwa mezani, imezungushiwa kitambaa cheusi. Watu wanapita.

“Ametulia.”
“Huyu alikuwa tayari.”
“Angalia macho, kama anakuona.”
“Shati hilo nilishona mimi, wala halibani.”
“Mama Naetwe, umemtendea haki.”

Haki.


16.

Amekaa wima. Mdomo umefungwa bila kukazwa. Macho yanatazama mahali niliposimama.

Kama aliniamini, basi hapo anatazama giza nililompa mimi, naye amelipokea bila kunung’unika, akatulia ili nisikosee.

Kama hakuniamini, basi anamtazama mke aliyemdanganya mara mbili kwa dakika moja, na ametulia ili nisikosee.

Nimeilaza picha, nimeisimamisha, nimeipeleka juani. Uso ni ule ule.


17.

Wageni wamekwenda. Naetwe amevua viatu, ameipakata picha.

— Mama.

— Naam.

— Hapa baba alikuwa anawaza nini?

Nilianza kukusanya vikombe. Alinishika mkono, mkono wenye kikombe.

— Ulikuwepo peke yako. Niambie tu.

Nilikiweka kikombe chini. Nilikaa.

— Jumamosi ile, nilimwambia, baba yako aliponiuliza