Mtoto Aliyekumbatia Samaki

Chwaa, chwaa, chwaa. Kijijini Burungu jogoo alikuwa bado hajawika, na Bibi Athanasie alikuwa ameshaketi mkekani akisukasuka kibuyu cha maziwa mapajani, polepole, asimwamshe mgeni.

Mgeni huyo alikuwa Mama Jeannette, mama wa Laetitia, mkamwana wa Athanasie. Alitoka Pinga, siku mbili juu ya pikipiki, akafika na tope hadi kwenye nyusi, aje kumwona mjukuu wao mchanga, Uwamahoro. Mara ya mwisho alikuja siku ya harusi na kapu la samaki wakavu. Hakuna aliyeonja, maana wazee wa kifugaji hawali samaki. Jeannette alirudi kwao na kapu lake vilevile, na kwa miaka mitatu hakukanyaga tena Burungu. Safari hii Athanasie alitaka kitu kimoja tu: Jeannette aondoke na moyo mweupe, mtoto awe na bibi wawili.

Kulipokucha, Jeannette akakunjua zawadi. Ilikuwa picha ya kalenda kutoka Japani, aliyopewa na mtawa mmoja, Masera Céline. Mtoto mnene, mashavu mekundu, amekumbatia samaki mkubwa kumshinda yeye mwenyewe, na kando yao ndege wa miguu mirefu.

"Masera anasema kule wanachonga picha mu ubao, wanapakaa rangi, wanagandamiza karatasi juu. Wanaitundika fasi mutoto analala, apate nguvu na bahati."

Mzee Bayingana, mume wa Athanasie, akakohoa. "Samaki tena! Mama Jeannette, na huyu njo mukubwa, hata mu kapu haingie."

Laetitia akainamisha kichwa. Jeannette akaanza kuikunja picha yake.

Athanasie akamshika mkono. "Ngoja kwanza, dada. Mzee, angalia mikono ya huyu mutoto. Iko anamukula? Anamushika mu shingo, sawa vile weye ulikuwa unashika ndama ukiwa mutoto. Mama yako alinihadisia."

Bayingana akasogea, akakodoa macho. "Na huyu ndege iko musambi, ile korongo ya kwetu. Lakini taji yake iko wapi?"

"Aliivua," Jeannette akajibu upesi, "anasalimia mutoto. Lakini weye, Papa, uko na kofia mu nyumba!"

Mzee akaivua kofia kabla hajajua anafanya nini. Wakacheka mpaka Uwamahoro akaamka.

Athanasie akaitundika picha juu ya ubao wa kupangia vyungu vya maziwa, mahali pa heshima ambapo hata redio ya mumewe hairuhusiwi.

"Samaki karibu na maziwa? Itaganda!" Bayingana akalalamika.

"Ikiganda, tutafanya fromage, ile jibini ya sokoni," Athanasie akajibu.

Jeannette alikaa akiutazama ubao ule. Kisha akaomba maziwa, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Siku ya kuondoka, pikipiki ikiwa imeshawaka, aligeuka. "Sasa, dada, hauniulize siku ya kurudia?"

Athanasie alikuwa ameogopa kuuliza. Akampandisha mtoto begani.

"Rudia wakati meno ya kwanza itaota. Ao mbele ya pale, hata kesho. Rudia tu utuangalie."