Sakafu ya Vidole Vitatu

Siku ya tano ya uchimbaji wa mabaki ya kijiji cha zamani, Seipati aliweka chekeche chini akaitazama sakafu iliyochomoza udongoni. Mistari yake ilikuwa mitatu mitatu. Wanawake wote wa pale walisiriba sakafu kwa samadi na kuichora kwa vidole vinne. Ni mama yake tu aliyechora kwa vitatu, maana kidole chake cha mwisho kilikatwa na shoka kabla hajaolewa.

Kumbe nyumbani ni hapa. Miaka arobaini tangu wahamie kijiji kipya, miiba ilikuwa imemeza kila kitu, na siku nne nzima alichekecha udongo wa kwa jirani. Akaziona tena zile asubuhi za Jumamosi: ndoo ya samadi mbichi, mama kapiga magoti, anaimba huku akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Atakayekanyaga kabla haijakauka, atajuta.

Seipati alijiandikisha kuchimba, lakini hakufuata kibarua. Alimfuata mdogo wake, mtoto aliyezaliwa bila kulia, akazikwa na wanawake peke yao ndani ya chungu, chini ya sakafu, kama ilivyokuwa desturi. Kabla ya kufa, mama aliomba jambo moja tu: mtoto aje alale naye. Na kesho greda lingepita hapo kutengeneza barabara ya lami.

Lakini mkuu wa wachimbaji, Rra Gaolathe, alikuwa mwanamume, na jambo lile halitajwi mbele ya wanaume. Seipati alikuwa amenyamaza siku zote hizo. Sasa mkuu alikuwa ameagiza sakafu ikatwe vipande, ipelekwe makumbusho. Kwenye pembe moja ya sakafu mistari ilijizungusha kama kiota. Seipati alijua kwa nini.

Akajifunga shali mabegani, kama wanawake wa pale wafanyavyo msibani.

"Rra, wachukue vijana wako mkanywe chai."

"Tumetoka kunywa sasa hivi, Mma. Unataka tuvimbe matumbo?"

"Kanyweni nyingine."

Vijana wakacheka, mmoja akasema Mma keshaona dhahabu. Gaolathe hakucheka. Alikitazama kile kiota, akaitazama shali.

"Ni kazi ya wanawake?"

"Ni ya wanawake."

"Si ungesema tangu Jumatatu! Mama yangu angenitoa hapa kwa ufagio." Akamwachia mwiko na brashi, akawaondoa vijana, akamtuma mpishi wa kambi, mama mtu mzima, aje amsaidie.

Chungu kilitoka kizima. Kilikuwa chepesi mno. Katika daftari lake Gaolathe aliandika habari za sakafu, na chini yake: kingine kimechukuliwa na wenyewe.

Jumamosi, wanawake walipokwisha kumlaza mtoto ubavuni mwa mama yake, Seipati aliomba ndoo ya samadi. Nyumbani kwake sakafu ilikuwa ya vigae. Alikuwa hajaishika samadi tangu usichana. Akasiriba juu ya kaburi, akachora mstari wa kwanza kwa vidole vinne. Akautazama, akaufuta. Kisha akakunja kidole cha mwisho, akaanza upya, akirudi kinyumenyume.