Damu ya Kulinganishia

Walimwita Mama Jeli, na hakuwahi kununa. Ndiye mwanamke wa kwanza nchini mwake kusoma vinasaba, kwa mashine aliyoiunga mwenyewe, huku wakubwa wa kazi wakimshauri kwa upole wa kuudhi arudi kufundisha. Alikuwa na kichwa kigumu. Akavumbua kosa la jeni linalousimamisha moyo wa mtu ambaye hana hata mafua, na wale wale waliomcheka wakampigia makofi kana kwamba walikuwa naye tangu mwanzo.

Kila kipimo kilihitaji damu ya mtu asiyeumwa, ya kulinganishia. Kuomba benki ya damu kulikuwa na mizunguko, na mkono wake ulikuwa karibu. Akapandisha mkono wa blauzi, akajidunga. Mazoea yakaota mizizi. Miaka nenda miaka rudi, kwenye kila jeli, ule utando laini ambamo vinasaba hujipanga kama mistari, mstari wa kwanza ulikuwa wake. Aliyelingana nao alihesabiwa mzima.

Mdogo wake alipoanza kuishiwa pumzi, mwaka juzi, alimpima kwa mikono yake mwenyewe. Mistari yao ikalingana. "Acha kujitia ugonjwa, wewe!" alimwambia, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Mwezi uliopita mdogo wake alianguka akianika nguo, hakuinuka tena.

Mama Jeli hakulia. Alikufa ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa. Alikula akipewa, aliitikia akisalimiwa.

Sasa binti wa marehemu naye alikuwa amezimia kazini. Fundi mpya wa maabara akampima kwa kumlinganisha na damu ya mchangiaji kutoka benki ya damu, maana hakuna aliyemwambia desturi ya pale. Mstari wa binti haukulingana.

"Umechanganya chupa," Mama Jeli alimkaripia.

"Sijachanganya, Mama. Nimerudia."

Akajidunga. Akamimina jeli mwenyewe, akaweka damu ya mchangiaji, ya binti na yake. Taa ya zambarau ya kuonyesha mistari ilipowaka, mstari wake na wa binti ilikaa sawasawa. Wa mchangiaji ulikuwa peke yake, juu kidogo. Jeni ile ile ilikuwa na kosa la pili, lililokuwa katika damu yake mwenyewe, na miaka yote hiyo yeye alikuwa amelifanya kipimo cha uzima. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Akazima taa, akanawa mikono.

Binti alikuwa kwenye benchi nje, mkoba mapajani.

"Mama mkubwa, niambie tu. Usinizungushe."

Akakaa kando yake. "Una ugonjwa wa moyo, mwanangu. Mimi pia ninao. Unaanza dawa leo hii. Dawa zipo, na zinasaidia."

"Si ulimpima mama wewe? Ukasema hana kitu."

"Nilimlinganisha na mimi."

"Mkalingana?"

"Tulilingana kabisa."

Binti alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena.

"Hizo dawa," aliuliza, "mwaka juzi zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."