Dalali wa Kila Mtu

Baba mdogo tunamwita Funguo, kwa kuwa mfukoni mwake hazikosekani funguo za nyumba za watu. Kinachokosekana ni leseni ya udalali. Leseni ni yangu, imetundikwa juu ya meza yangu ofisini, na yeye huichukulia kama sufuria ya ukoo, kila mtu apikie humo.

Shangazi, dada yake wa damu, alinikabidhi nyumba yake niiuze. Magoti yamemchosha, ngazi hazipandi tena.

"Mnunuzi asijue tu," aliniomba. "Akijua nina haraka, atanibana."

Siku ya mazungumzo mnunuzi aliketi sebuleni, akasikia bei yetu, akatazama ngazi, akatazama magoti ya shangazi.

"Mama, hiyo ni bei ya mtu asiye na haraka. Wewe siku hizi unalala hapo kwenye kochi. Punguza hadi nusu."

Shangazi alinigeukia. Hajawahi kunitazama vile.

"Nani kakwambia?" nilimuuliza mnunuzi.

"Dalali wangu." Akamwonyesha kwa kidole baba mdogo, aliyemleta, ambaye ghafla alikuwa anakagua dari.

"Wako?" shangazi akasema. "Huyu si wangu?"

"Jamani, mimi ni wa wote," baba mdogo akacheka. "Nawaunganisha. Haya binti, toa mhuri tumalize."

Mhuri ulikuwa kwenye mkoba. Nikafunga zipu.

"Mwenye leseni hapa ni mimi, na ninamwakilisha shangazi peke yake. Huyu hana leseni, hawezi kumwakilisha yeyote. Kwa bei hiyo hatuuzi."

Mnunuzi akaondoka, maji yake hajayagusa. Baba mdogo akavimba.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Ulikuja bila nguo, baba mdogo. Mimi nimewasha taa tu. Niachie na funguo za shangazi."

Alizitupa mezani.

Jioni mama akapiga simu. "Yule ni baba yako. Anasema hatakanyaga kwetu mpaka umwombe radhi."

"Na shangazi je? Siri yake imeuzwa, mnunuzi kakimbia, bado yuko kwenye kochi."

"Kwani kosa la nani? Si ungegonga mhuri yaishe?"

Shangazi nimeshamwomba radhi, kwa kuwa nilimwacha ndugu yake azunguke na funguo zake. Ni yeye pekee ninayedaiwa hilo neno.

"Mwanangu, unanisikia? Neno moja tu."

"Nimekusikia, mama. Simwombi."