Vipandio Vilivyogeuzwa

Lugembe alichomeka patasi katikati ya kipandio, ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Akaichomoa, akainusa. Kuoza kutupu! Akatukana kwa Kinyamwezi, maana mle tumboni mwa meli hamkuwa na wa kumsikia ila panya.

Hiyo ndiyo ngazi waliyoshukia abiria wa daraja la tatu, wao na kuku wao na wagonjwa wao. Nyayo zilikuwa zimevichimba vipandio vyote katikati. Watu wa Kigoma walikwisha kuizoea: walishuka wameshikana mikono, wakikanyaga pembeni penye ubao mzima, na mgeni wakimwonya, "Katikati usiguse, ndugu yangu."

Baba yake Lugembe aliijua njia ya kutoka Tabora hadi ziwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Yeye, seremala wa mtaa wa Ng'ambo huko Tabora, alikuja kwa treni pamoja na mbao za mninga alizozichagua mwenyewe Sikonge. Kwa mbao hizo alikwisha kuunda ngazi ya juu, ya Wazungu. Ilikuwa ngazi nzuri, na hilo lilimkera. Mbao zilibaki, za kutosha ngazi ya chini, na tangu asubuhi alikuwa akihangaika kuziomba, akipanda na kushuka, hakai wala hatulii.

Mkewe Apolinaria alikuwa anakuja na treni ya mchana, apande meli hii hii kwenda Karema. Binti yao Flavia alikuwa huko, mimba ya kwanza, amevimba miguu, anamlilia mama yake. Meli nyingine ingekuja mtoto ameshazaliwa, au wamezikwa wote wawili. Na Apolinaria alikuwa mbovu wa nyonga, akikanyaga anakanyaga kwa uzito wote.

Injinia wa meli, Mzungu, akainama mlangoni.

"Bwana, hizi zimeoza," Lugembe akasema. "Nipe ule mninga uliobaki. Jioni nimemaliza."

"Ile iko kazi. Kabati ya chupa ya Bwana Mkubwa. Wewe geuza hii. Chini juu."

"Nikigeuza nitaficha shimo tu, bwana. Mtu atavunjika."

Injinia akamtazama. "Mke yako nataka kwenda Karema? Bure?"

"Ndiyo, bwana."

"Geuza, mke nakwenda. Hapana geuza, mke nabaki."

Akageuza. Afanye nini? Aling'oa kipandio kimoja kimoja, akapindua upande uliochimbika ukatazama chini, akapigilia misumari. Na mkono wa fundi nao una ujinga wake, haujui kufanya kazi mbaya: akapiga randa, akapaka mafuta, ngazi ikang'aa ungesema imeundwa jana. Akaitazama, akaona hakuna atakayejua pa kuepuka. Akaokota mkaa, akachora msalaba katikati ya kila kipandio.

Bernardo, nyapara wa gatini, akaiona. "Ala! Unachora makaburi humu? Wakubwa wanakuja kukagua. Futa!"

Akafuta. Basi nitamshusha mwenyewe, akajiambia. Nitamshika mkono, nimwonyeshe pa kukanyaga, na yeye awaonyeshe wenziwe.

Apolinaria alimkuta gatini, kikapu kichwani, vumbi la safari hadi kwenye kope. "Baba Flavia, umekonda!" akacheka. Bernardo akamruhusu apande. Lugembe alipotaka kumfuata, mkono ukamzuia kifuani.

"Kazi imekwisha. Lete bati lako la kazi."

Lugembe akalivua shingoni. "Nimshushe ngazi tu, kaka. Nakuja sasa hivi."

"Asiye na bati hapandi."

"Nimwonyeshe pa kukanyaga!"

"Pa kukanyaga? Si umeitengeneza mwenyewe?"

Lugembe akamsogelea. "Imeoza," akanong'ona. "Nimeigeuza tu."

Bernardo akatazama huku na huku, kisha naye akashusha sauti. "Sema hivyo tena nikamwite injinia. Mkeo atateremshwa sasa hivi, na wewe utalala ndani. Unataka?"

Lugembe akamkumbuka Flavia, akarudi nyuma hatua moja. Lakini alipomwona mkewe amefika penye kichwa cha ngazi, uvumilivu ukamshinda.

"Mama Flavia! Pembeni! Kanyaga pembeni!"

Meli ikapiga honi. Apolinaria akageuka, akaona mdomo wa mumewe unavyohangaika, akadhani anaagwa. Akampungia mkono.

Nyuma yake wanawake wa Kigoma walikuwa wamekwisha kushikana mikono, kama kawaida yao, wakinyoosha vidole vya miguu kutafuta pembeni. Honi ikakatika ghafla, na sauti ya Apolinaria ikafika hadi gatini, imejaa majivuno.

"Ah, jamani, mnaogopa nini? Piteni katikati! Hii kazi ya mume wangu."

Wakaiangalia ngazi inavyong'aa. Wakaachana mikono, wakaanza kumfuata.