Mkanda Uliotoka Rio

Ubingwa wa Bonde la Cumberland ulizaliwa kwenye kiti cha kinyozi. Bwana Purvis Lindley, mwandaaji wa mieleka katika upande ule wote wa Tennessee, alikuwa ananyolewa huku moyo unamwaka. Bingwa wake wa zamani alikuwa ametorokea Texas na mkanda wake. Desturi ya kazi ile inajulikana: bingwa anayehama huangushwa kwanza mbele za watu, ili ubingwa ubaki nyumbani. Yule mlaaniwa hakungoja kuangushwa. Basi Lindley akaona heri aanzishe ubingwa mpya kabisa, na magotini pake palikuwa na gazeti la picha, limefunguka kwenye mji wa Rio de Janeiro. Kabla povu halijafutwa shavuni, alikwisha kubuni mashindano, siku yake, na mshindi.

Mshindi alikuwa Delbert Cagle, naye alipewa habari za ushindi wake siku ya Alhamisi.

"Hongera, bingwa," Lindley alimwambia, akimwekea mkanda mezani. "Jumanne ulishinda Rio. Fainali ulimwangusha Mreno."

"Mreno gani?"

"Mnene. Usinihoji kama polisi, bwana. Vaa tuone."

Delbert alicheka, kisha akauvaa, na kicheko kikamkauka. Miaka tisa alikuwa mtu wa kuangushwa. Kila mji wenye ukumbi na taa, yeye ndiye aliyelala chali ili wengine wang'ae. Katika kazi yao mshindi hupangwa kabla, na siri hiyo haisemwi hata kwa mke kitandani. Lakini ulingo ni mbao, na mgongo hauambiwi kwamba mambo yamepangwa. Alikuwa ameulipia mkanda ule kabla ya kuupata. Na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza Jumanne alikuwa wapi hasa, naye hakusema.

Jumanne alikuwa juu ya paa la zizi la baba yake, kando ya barabara kuu, hana shati, akipigilia mabati mchana kutwa.

Jumamosi televisheni ilimtangaza. Jumatatu, Hoyt Beasley, mwenye duka la vyakula vya mifugo, alikuwa na hadithi ya mwaka mzima. "Rio? Jumanne ile nilimuuzia misumari mwenyewe, hapa hapa!" Mji mzima ukamgeuza Delbert kitoweo. Watoto walimfuata wakiimba "Bingwa wa Mabati", na mhudumu wa mkahawa, akimletea maharage na mkate wa mahindi, akamuuliza kama huko Brazili nako wanakula hivyo.

Lindley hakucheka. "Maonyesho ya mifugo ni Jumamosi. Utapigana na Grady Stroud. Watu wakiendelea kukucheka, mkanda unakwenda kwa Grady siku ileile, na wewe unarudi kulala chali. Siwezi kuwa na ubingwa wa kichekesho."

"Hawatacheka," alisema Delbert.

"Utawafanyaje?"

"Sijui. Lakini hawatacheka."

La kumtisha zaidi lilikuwa nyumbani. Baba yake, Orville Cagle, alikuwa shemasi, na uongo haukuwahi kutoka kinywani mwake. Aliwahi kumwambia mnunuzi kwamba ng'ombe wake anapiga teke, mnunuzi akiwa ameshatoa pochi. Mieleka aliiita uongo wenye tiketi, na hakuwahi kukanyaga ukumbini. Asubuhi baada ya televisheni, akimimina kahawa, alitamka, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

Delbert alitamani kumwambia yote, ikamshinda. Siri ile haikuwa yake peke yake.

Jumamosi ilifika, na ulingo ukasimamishwa katikati ya banda la kunadia ng'ombe. Delbert alipotokea, ukumbi mzima uliangua kicheko. "Rio! Rio!" Mmoja alirusha kipande cha bati. Na pale nyuma, kamba ya mtamba wake mkononi, kwa kuwa alikuja kushindanisha mifugo, alisimama Shemasi Cagle. Delbert alimwona. Halafu akakaza meno. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Grady Stroud, mtu mkubwa, mpole akiwa nje ya kamba, alikuwa amekubali mapema kwamba ataanguka kicheko kikikoma. Lakini katika kuruka alikosea, goti likashukia mbavu za Delbert, na mlio wa mfupa wakausikia wote wawili.

"Mungu wangu," Grady alinong'ona, akijifanya anamkaba. "Imevunjika hiyo. Nianguke sasa?"

"Thubutu! Bado wanacheka."

"Wacha wacheke, utakufa!"

"Nipige, Grady. Na upige kweli."

Grady akapiga, machozi yakimlengalenga. Delbert akaenda chini, akainuka. Akatupwa nje ya kamba, akaanguka kwenye vumbi la mbao, akarudi kwa magoti. Kila pumzi ilikuwa kisu. Alikuwa amelala chali miaka tisa kwa amri ya watu. Leo aliapa kwamba mgongo wake hautakaa chini hata mbingu zishuke. Kicheko kikapungua, kikabaki kona moja, kikafa. Mwanamke mmoja akalia, "Inuka, mwanangu, inuka!" na benchi zima likasimama naye. Grady alipoanguka hatimaye, kwa uchovu wake mwenyewe zaidi kuliko mpango, paa la banda lilitaka kung'oka kwa makelele.

Hapo ndipo Beasley alipopanda juu ya benchi.

"Kapigana kiume, sikatai! Lakini haki ni haki. Mkanda wa Rio ni uongo! Mnanibishia? Shemasi yule pale! Shemasi hasemi uongo. Shemasi Cagle, Jumanne ile kijana wako alikuwa wapi?"

Banda zima likageuka kumtazama mzee. Lindley alifumba macho. Delbert alishika kamba ya ulingo kwa mkono mmoja na ubavu kwa mwingine, akamtazama baba yake, na hakumwomba kitu hata kwa jicho. Akisema kweli, mkanda umekwenda. Na kweli ilikuwa haki yake mzee.

Shemasi alimtazama mwanawe muda mrefu, ule ubavu uliovimba, ile midomo iliyopasuka. Akavua kofia, kama avuavyo mbele ya madhabahu.

"Alikuwa Rio," alisema.

"Na aliyekuwa juu ya paa?"

"Mimi."

"Shemasi, nilimuuzia misu—"

"Hoyt, unaniita mwongo?"

Beasley alishuka kwenye benchi polepole. Hapakuwa na mtu katika wilaya ile mwenye ubavu wa kumwita Orville Cagle mwongo. Tangu siku hiyo historia ya ubingwa wa Bonde ilianzia Rio, na hakuna aliyethubutu tena kuichimba.

Walirudi nyumbani kwa gari la mizigo, mtamba nyuma, jua likiwa bado juu. Delbert alikaa ameinama, mkanda mapajani, akilia bila sauti, na haikuwa kwa ajili ya mbavu. Walipolipita zizi, mabati yake yaking'aa, mzee alipunguza mwendo.

"Maisha yangu yote nimehubiri njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Leo imenifikisha Brazili."

"Baba, nisamehe."

"Hilo nitazungumza na Mungu mwenyewe. Wewe niambie kitu kimoja tu." Alikohoa, macho barabarani. "Huko Rio kuna joto? Maana kesho kanisani wataniuliza."